Kutoka Arobaini Hadi Dede: Mwaka Ambao Waandishi Wetu Wanauruka

Tippu Tip anaanza maisha yake akiwa na miaka 12. Nazungumzia wasifu wake, ule aliouandika mwenyewe kwa Kiswahili na Heinrich Brode akauchapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Fungua ukurasa wa kwanza: mtu tayari yuko safarini. Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika *Paradise* ya 1994 ambayo tangu 2022 tunaisoma kama *Peponi* kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, naye anaondoka kwao katika mwaka wake wa 12. Yasmin wa *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi ana 15 na tayari kaozwa. Ukivipanga vitabu vya pwani yetu kwa umri wa mhusika pale anapoingia, utaona rafu ya chini kabisa imebaki tupu. Mtu anazaliwa, anapewa jina, halafu "akakua". Hiyo "akakua"! Neno moja tu, na ndani yake umefungiwa mwaka mzima wa kuamka usiku, homa, meno, na mtu mmoja kujifunza kushika shingo yake mwenyewe.

Ninataka kulizungumzia pengo hilo nikiwa nimesimama Kilwa na pwani ya Lindi. Sababu ya kwanza ni kwamba mwandishi wetu mkubwa wa tamthilia, Ebrahim Hussein, alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Sababu ya pili nitaifikia, inahusu kadi ya kliniki.

Tuanze na Hussein. *Kinjeketile* (1969) tumeisoma shuleni, tumeiigiza, tumeijibia mitihani. Kila anayeiandikia insha hufika pale Kinjeketile anapong'amua kwamba neno alilolitoa halimsikilizi tena. Anasema, kwa maana, kwamba mtu huzaa neno, neno likapata nguvu, likamzidi ukubwa yule aliyelizaa, mwisho likamwangusha na kumtawala. Wahakiki wamesimama hapo kuzungumzia siasa na itikadi, na wamesema mengi ya maana. Mimi nasimama kwenye kitenzi chenyewe, kuzaa. Ni sitiari ya uzazi ambayo haina ulezi ndani yake. Neno linazaliwa, na pumzi ileile limeshakuwa jitu. Nani alilibeba? Nani alilinyonyesha?

Historia yenyewe inalo jibu. Kinjikitile wa Ngarambe, yule wa kweli, alianza kutangaza habari ya maji mwaka 1904, na vita ikaanza milima ya Matumbi mwishoni mwa Julai 1905. Hesabu mwenyewe: ni kama mwaka mmoja. Katika mwaka huo habari ilipita chinichini, mtu kwa mtu, kwa minong'ono ambayo wazee waliohojiwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe miaka ya 1960 waliiita njwiywila. Kwa hiyo lile neno lilikuwa na uchanga wake. Lililelewa majumbani na mashambani, likakaa, likatambaa, likasimama dede, ndipo likakimbia. Hussein ameuruka mwaka huo, na kwa sababu za jukwaa ninamwelewa: ukumbi haukai mwaka mzima. Ila tusisahau kwamba tamthilia yake inafunguka na wanawake wakiongea habari ya njaa. Mlango wa ule mwaka anaujua. Ameupita tu.

Mtu atasema, bwana, hayo ni mambo ya wanaume. Walioandika sio waliobeba, basi usitegemee waandike habari za mbeleko. Jibu hilo ni jepesi mno. Mwana Kupona alikuwa mwanamke, alikuwa mama, na utendi wake wa katikati ya karne ya 19 aliuelekeza kwa binti yake. Lakini binti mwenyewe keshafika umri wa kuambiwa mambo ya mume. Shaaban Robert naye, miaka 90 baadaye, aliwatungia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mtoto wa kiume, na wote wawili ni watoto wanaoweza kukaa kitako wakasikiliza. Tatizo, naona, liko kwenye utanzu wenyewe. Wosia unataka sikio. Fasihi yetu iliyoandikwa imependa sana kufundisha, na kichanga hafundishiki. Basi hana nafasi darasani. Hata methali imemweka kwenye foleni ya wanaosubiri kurekebishwa: samaki mkunje angali mbichi. Jamani, anakunjwa kabla hajaonwa!

Utanzu mmoja tu ndio uliomwangalia usoni, nao haukuandikwa: bembezi. Mama anayembembeleza mtoto anajua fika kwamba anayeimbiwa haelewi maneno. Uhuru wake umo humohumo. Anaweza kumsema mume, mama mkwe, umaskini, au safari isiyorudi, na mtu akiuliza, ah, namlaza mtoto. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kubembeleza za pwani, ukizisikiliza vizuri, zina uchungu kuliko mtu anavyotegemea. Lakini hata humo mtoto ni sikio tu. Habari ni ya mama.

Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, je? Ni kweli, *Desturi za Wasuaheli*, iliyotoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten juu ya jalada na kazi kubwa ya Mtoro ndani yake, inaanza kabisa na mimba na uzazi. Namheshimu kwa hilo. Ila mkazo wa Mtoro uko kwenye yale mtoto anayofanyiwa: ananyolewa, anapewa jina, anatolewa nje arobaini ikiisha. Ni kalenda ya sherehe. Ukitaka kujua siku mtoto mwenyewe alipofanya jambo kwa mara ya kwanza, bila kufanyiwa na mtu, itabidi uache kitabu uende kwenye lugha.

Lugha inayo hayo yote. Ndiyo inayonishangaza: Kiswahili kimeuandika mwaka wa kwanza neno kwa neno, waandishi wa Kiswahili hawakuusoma. Sikiliza wanawake wa barazani Kivinje au Lindi mjini wakiulizana habari za mtoto. Kakaza shingo? Kageuka? Akilala akatabasamu, anacheka na malaika, na malaika huyohuyo kwa Kiswahili ni mtoto mchanga na ni vile vinyweleo laini vya mwilini. Maana tatu kwenye neno moja, na zote unazikuta umemshika mtoto wa mwezi mmoja kifuani. Kisha anakaa, kwanza kwa kuegemezwa mito, halafu kitako mwenyewe. Kisha kuna njia mbili za kusogea, na hapa lugha yetu ina jicho kali. Anayekwenda kwa mikono na magoti anatambaa. Anayejivuta kwa makalio anasota. Kusota leo tumempa mhitimu wa chuo asiye na kazi: "anasota mtaani." Watu wengi wanaolisema hivyo hawakumbuki kwamba mwenye neno ni mtoto wa miezi tisa, na kwamba kwake kusota ni ushindi, kwani jana alikuwa hatoki pale alipowekwa.

Halafu dede. Neno hili karibu halina kazi nyingine duniani. Halisimami peke yake, linamngoja kusimama, kama mtoto anavyongoja ukuta. Wanasiasa wameliazima wakasema uchumi unasimama dede, na sisi tunacheka, lakini wameazima vibaya. Dede haina maana ya udhaifu. Ni ile sekunde mbili mtoto anapoachia mkeka, ukuta na kidole cha shangazi kwa wakati mmoja, macho yamemtoka, na yeye ndiye wa kwanza kushangaa.

Nimeambiwa na rafiki mmoja, mwandishi, kwamba kichanga hawezi kuwa mhusika kwa sababu hana mgogoro wala uamuzi. Hebu amwangalie mtoto wa miezi minane juu ya mkeka, na kifuu kimewekwa hatua mbili mbele yake. Anakitaka. Mwili unakataa. Anajaribu kwa tumbo, anarudi nyuma badala ya kwenda mbele, analia kwa hasira, anajaribu tena. Kama huo si mgogoro, basi sijui tunafundishana nini.

Ila lugha hiyohiyo ina upande wake mweusi, na hapa ndipo pengo la waandishi linapoumiza. Mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini anaitwa kigego, na neno limebeba nuksi. Kulikuwa na jamii Afrika Mashariki ambako mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Leo neno limebaki kamusini zaidi, shukurani. Lililobaki mdomoni, tena lina nguvu, ni kubemenda. Mtoto kachelewa kukaa, kakonda, mapaja yamelegea: kabemendwa. Maana yake wazazi wamekutana kimwili wakati bado ananyonya, au mmoja wao katoka nje, au mama kashika mimba nyingine mapema. Kinadharia kosa ni la wote wawili. Kwenye baraza, unajua mwenyewe nani anatazamwa.

Kama mhakiki naliona kubemenda kuwa hadithi fupi kuliko zote za Kiswahili. Neno moja, na ndani yake kuna wahusika, kuna dhambi ya siri, kuna adhabu, na kuna ushahidi unaotembezwa mgongoni hadharani kila siku. Imetungwa vizuri mno, ndiyo maana haifi. Sasa weka hesabu pembeni yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Sababu zake ni za kuchosha kusimulia: mlo usiotosha au wa aina moja, kuharisha mara kwa mara, mama mwenyewe kuanza mimba akiwa hana damu ya kutosha. Haina mhalifu mmoja, haina siri, haina kilele. Mbele ya hadithi yenye siri ya ndoa, hiyo inashindwa kila siku. Na watoto watatu katika kila kumi maana yake ni nyumba nyingi sana ambamo mwanamke mmoja ametungiwa hadithi asiyoweza kuijibu, kwa sababu hadithi ya kuijibia hatujaiandika.

Nilisema kuna kadi. Kwa watoto wengi wa Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga, Kilwa Kisiwani, kitabu cha kwanza na pengine cha pekee kitakachoandikwa juu yao ni kadi ya kliniki. Tuisome basi kama tunavyosoma maandishi mengine. Inaanza na jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa. Inaendelea kwa chanjo, na hapo ina mwendo kama wa shairi la kale lenye vina vyake: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha kimya kirefu mpaka miezi 9, sindano ya surua na rubela. Halafu ukurasa ninaoupenda, grafu. Umri unakwenda kulia, uzito unapanda juu, na kila ziara ni nukta moja ya kalamu. Kadi ambazo wengi wetu tulikua nazo zilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mama ambaye hakusoma anazisoma rangi hizo haraka kuliko wewe unavyosoma sentensi hii.

Wenye fani yao wanafundishwa kwamba nukta moja haitoshi kusema kitu. Kinachosomwa ni mwelekeo wa mstari: unapanda, umelala, au unashuka. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda sambamba na ile iliyochapwa yuko salama kuliko bonge ambaye mstari wake umelala miezi mitatu. Kwa maneno yetu, kadi ina msuko, na ni kosa la msomaji kuichukua kama picha. Kosa hilo hufanyika. Nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya pwani ile, nikasikia mama kijana akisomewa nukta yake kwa sauti mbele ya wenzake thelathini, "wewe mtoto wako kijivu, unampa nini?" na mstari mzima ulikuwa unapanda kutoka chini zaidi. Yule dada alifunga khanga akaondoka. Ule ulikuwa uhakiki mbaya, nausema kama uhakiki: msomaji hakusoma ukurasa uliotangulia.

Kadi ina upungufu mwingine wa kimaandishi. Inapima zaidi ya inavyosikia. Uzito ndio mhusika mkuu, na mtoto amekuwa kitu kinachoning'inizwa kwenye mzani akilia. Kwa yale anayoyafanya mwenyewe inabidi tuendelee mbali kidogo, kwenye andiko ambalo wasomaji wa fasihi hawalifungui: vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 kuhusu hatua sita za mwili. Watoto waliofuatiliwa walitoka Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Mtu wa Kilwa atakuwa amenyanyua nyusi kwa Oman. Watoto wa Maskati, mji ambao pwani yetu imeshirikiana nao masultani, meli na majina, ndio jamaa wa karibu zaidi wa watoto wetu kwenye orodha ile.

Kinachonivutia kwenye andiko hilo ni umbo lake. Badala ya kutaja mwezi, linataja muda mrefu, na waandishi wake wakauita dirisha. Kukaa bila kushikwa: kutoka miezi 3.8 hadi 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5. Kusimama peke yake, yaani dede yetu na zaidi: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Tazama upana huo wa mwisho. Watoto wawili wazima kabisa, mmoja anatembea kabla ya miezi tisa, mwingine kabla ya kumi na minane, na wote wako ndani. Anayepita nje ya dirisha apelekwe akaangaliwe, bila kungoja. Lakini barazani mtihani unasahihishwa siku ya mwaka mmoja, na aliyefeli ana neno lake tayari. Sikutegemea kukuta huruma kwenye jedwali la takwimu, nikaikuta. Kwenye methali zetu za malezi sijaikuta bado.

Jedwali nalo lina upofu wake. Linatambua kutambaa kwa mikono na magoti tu, likakuta asilimia 4.3 ya watoto hawakupita hatua hiyo kabisa. Kwa Kiingereza chao hao ni watoto walioruka hatua. Kwa Kiswahili wako wenye jina lao, kwani baadhi ya watoto wa namna hiyo ndio wale tunaosema wanasota. Hapo ndipo naona kazi ya mwandishi ilipo. Watafiti wameshaanza kutuzidi: Kilifi, juu kidogo kwenye pwani hiihii, Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha makuzi kilichotengenezwa kwa watoto wa hapo, wa miezi 6 hadi 35. Kukatengenezwa pia orodha za maneno ya kwanza ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, zinazojazwa kwa kumsikiliza mzazi, hata asiyejua kusoma. Fikiria hilo kidogo. Mtu kakaa na mama asiye na kalamu, kamwuliza mwanao anasema nini, kaandika. Hiyo ndiyo kazi ambayo wanariwaya wetu hawajaifanya.

Ninayoitaka mimi ni riwaya moja tu, hata nyembamba, inayoanza siku ya arobaini na kuishia siku ya dede, ndani ya nyumba moja ya Kilwa. Baba anarudi na dau alfajiri, bibi anahesabu meno, jirani anauliza maswali yenye mwiba. Isimfunze mtu kitu. Mwandishi akae chini, kwenye urefu wa macho ya mtoto. Methali moja inajua urefu huo, ile isemayo mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Mtoto achelewe. Asiwe mgonjwa wala mwujiza, achelewe tu, aingie mwezi wa 15 bado anasota, na tukae naye humo, tusirukie mbele kwa "akakua".

Kadi hazitatusaidia kwa sehemu hiyo ya mwisho. Nimeonyeshwa kadhaa na wenyewe, na nyingi zina umbo moja: nukta zimebanana mwanzoni, zinaachana kidogo katikati, kisha inakuja ile ya miezi 9, siku ya sindano ya surua, na baada ya hapo ni miraba mitupu. Foleni ni ndefu, kliniki iko mbali, mtoto anaonekana mzima. Siku alipoachia ukuta, hakuna aliyeiandika. Kwenye kadi moja mtu, nadhani dada mkubwa, alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu kwenye miraba ile mitupu kitu chenye miguu miwili, mikono imenyooshwa pembeni.